Mahindi Kwenye Droo

Shoga, kabla mgeni wa wizarani hajaingia, bosi aliyaficha kwenye droo yale mahindi ya shamba la majaribio, yamedumaa kama vidole.

Mimi namimina chai. Mgeni anacheka: "Profesa, tangaza chakula kitatosha, ukatibu mkuu ni wako."

Bosi wetu, mchumi wa kilimo anayesikilizwa redioni kila msimu, akajibu, "Kitatosha."

Kitatosha!! Nimesikia kwa masikio yangu.

Mgeni alipotoka, bosi akaninong'oneza bila kunitazama, "Mwanangu, waambie wazazi wako wasiuze hata debe moja."

Nawe shoga, mwambie mama yako asiuze. Leo hii.

Shoga, sikuwahi kukwambia. Shule sikuacha kwa ugonjwa. Nilikuwa naanguka darasani kwa njaa.