Hukumu Ipo na Kufuli Lipo

Jumatatu, 2 Septemba 2002

Chai, mkate wa mofa, ofisini. Faili mbili za talaka na ugomvi wa ukuta. Mzee Abeid, wakili mwenye ofisi na mwalimu wangu wa kazi, anakohoa na kuilaumu feni. Kama kawaida.

Kabla ya adhuhuri waliingia kina mama kwa mkupuo. Ofisi ikajaa mabuibui na harufu ya udi. Mkubwa wao ni Bi Rukia, mpiga fidla. Ana kikundi cha kidumbaki, taarabu ndogo ya harusini, cha wanawake peke yao kule Ng'ambo. Harusi nyingi za mji huu wanapiga wao. Sheha, mkubwa wa serikali mtaani kwao, kawatilia kufuli ukumbini kwao. Vyombo vyote vimo ndani: fidla, ngoma za dumbaki, cherewa za kutikisa, na lile sanduku la kamba moja linalonguruma.

Sababu? Bi Rukia alisimama kwenye mkutano wa mtaa akauliza kisima cha watu wote kimeingiaje ndani ya ua wa mtu mmoja, sheha akitazama tu. Kesho yake, kufuli. Sheha kasema mikusanyiko yao inaharibu maadili.

Mzee akanitazama. "Hii yako."

Kesi yangu ya kwanza peke yangu. Furaha mpaka naona haya.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekwenda Ng'ambo kuona kwa macho yangu. Ukumbi mdogo, bati limeshika kutu, lakini kuta wamezipaka rangi ya waridi. Wameujenga wenyewe, mawe wakibeba kichwani. Asubuhi humo ndani wanawake wazima hujifunza kusoma. Jioni ngoma. Sasa hakuna hili wala lile.

Nikapita kwa sheha. Nilitarajia jitu. Nimemkuta mtu mpole, kanzu safi, kanikaribisha kahawa.

"Shikamoo, Bwana Sheha."

"Marahaba, mwanangu. Wewe binti wa nani?"

Nikamwambia. Kamjua marehemu baba. Kisha nikamuuliza ni sheria gani iliyofunga mlango ule. Akacheka. "Sheria? Hapa mtaani sheria ndiyo mimi."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja jina lake. Hilo ndilo lililoniudhi.

Jumapili, 8 Septemba

Nimeshinda kwa mama Mtoni, mimi na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Chuoni Dar niliusoma kwa ajili ya mtihani, nikafaulu, nikausahau. Leo nimeusoma kama mtu mwenye njaa.

Ibara ya kumi na moja. Kila mtu ana haki ya kukusanyika na wenzake. Haki hiyo inaweza kuwekewa mipaka, lakini mipaka ya lazima, na iliyowekwa na sheria.

Na sheria. Si na kufuli.

Nikainuka nikacheza chumbani peke yangu. Mama kachungulia, kasema nishapata wazimu. Kwake yeye sheria ni maneno ya wanaume waliovaa tai.

Jumatano, 18 Septemba

Maombi yameshaingia mahakamani. Leo nimekaa na kina mama barazani kwa Bi Rukia, nawaeleza. Ya katiba yetu waliyasikiliza huku wanakunywa kahawa. Nilipofika kwenye Mkataba, Bi Rukia akaweka kikombe chini.

"Ngoja. Wakubwa wa Afrika nzima walikaa kitako, wakaandika kwamba mie Rukia naweza kukutana na wenzangu?"

"Naam, Bi Rukia. Na nchi yetu imekubali."

"Na huyu sheha ana habari?"

Kicheko hicho! Mmoja alitokwa na machozi. Kisha Bi Rukia akauliza tena, taratibu: "Na asipotaka?"

Nimelichukua swali ofisini. Mzee Abeid hakunipa faraja. Kule Gambia, wanakokaa wasimamizi wa Mkataba, kasema, huwezi kwenda mpaka milango yote ya mahakama za nyumbani ifungwe. Na ukifika, wao hushauri. Hawana polisi. Hawana nyundo ya kuvunjia kufuli.

Naogopa. Nimewapa watu furaha ya kukopa.

Alhamisi, 26 Septemba

Vuga. Chumba cha mahakama kimejaa.

Wakili wa upande wa pili aliongea vizuri sana juu ya amani ya mtaa. Zamu yangu ikafika. Sentensi ya kwanza iligoma. Ya pili ikatoka.

Jaji akanikatiza: "Wakili, katiba tunayo. Huu Mkataba unatuletea wa nini?"

Nikasema: "Mheshimiwa, katiba inatupa haki na inaruhusu mipaka. Mkataba unatusaidia kuujua mpaka halali. Unataka sheria. Namuomba mwenzangu atuoneshe sheria iliyotumika. Si lazima iwe ndefu. Hata mstari mmoja."

Mwenzangu akafunua karatasi zake. Akazifunua tena. Nyuma yangu nikasikia bangili za Bi Rukia zikilia.

Hukumu tutaitiwa. Nshakula biriani sahani mbili na njaa haijaisha.

Jumatatu, 7 Oktoba

Tumeshinda!

Jaji kasema neno la sheha si sheria. Kautaja Mkataba, ibara kwa ibara. Kaamuru ukumbi ufunguliwe na vyombo virudi kwa wenyewe. Kina mama walipiga vigelegele mpaka karani akasimama kuwanyamazisha, na yeye mwenyewe anacheka. Bi Rukia kanikumbatia, kaniinua juu, mimi na joho langu. Mzee Abeid anajifanya vumbi limemwingia jichoni.

Sijapata kufurahi hivi.

Jumanne, 8 Oktoba

Kufuli lipo.

Sheha kasema hukumu kaisikia na anaiheshimu, ila anasubiri maelekezo kutoka juu. Juu wapi? Hajui. Anasubiri tu.

Hasira. Hasira tupu. Jana nilikuwa shujaa. Leo ni mtu mwenye karatasi mkononi mbele ya mlango uliofungwa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Shaaban imeingia. Kila nyumba inataka kuoza binti kabla ya Ramadhani, na kikundi hakina vyombo. Nimepeleka mahakamani maombi kwamba sheha anadharau amri. Sina silaha nyingine.

Bi Rukia hakungoja. Nilipopita alasiri nimewakuta wote wameketi mbele ya mlango wa waridi. Ndoo imekuwa dumbaki. Kopo la mchele, cherewa. Mmoja ananguruma kwa mdomo badala ya sanduku. Fidla hakuna, kwa hiyo Bi Rukia anaimba sehemu ya fidla.

Wanajizoeza kwa harusi, njiani, mchana kweupe. Mtaa mzima umetoka.

"Bi Rukia, atawaletea maneno tena."

"Alete. Jaji kasema tukutane. Tumekutana."

Nikavua viatu nikakaa nao. Mikono yangu bado inauma kwa makofi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Watu wameongezeka. Muuza urojo kahamishia meza yake hapo. Na leo kaja mtu nisiyemtarajia: Bi Mwanaidi, mke wa sheha. Kaja na mkeka wake, kautandika safu ya mbele, kakaa.

Ndoo ikakoma. Kila mtu anatazama miguu yake.

"Mbona mmenyamaza?" kasema. "Mie darasa la kusoma nilikuwemo. Tulifika herufi ya M. Jina langu linaanza na hiyo, na sijajua kuliandika. Nyumbani nimemwambia mume wangu: mpaka mlango ufunguliwe, mchana nashinda huku. Chakula atajipikia mwenyewe."

Bi Rukia kamsogelea, kampa kopo la mchele. Akalitikisa. Hana hata chembe ya mdundo. Nimempenda.

Jumanne, 15 Oktoba

Jaji kamwita sheha aje keshokutwa aeleze kwa nini asipelekwe jela kwa kudharau amri. Wito kapelekewa na tarishi mbele ya watu. Kaupokea kwa mikono miwili.

Nilidhani nitashangilia. Nilimwona tu mtu mzima, kanzu yake leo haikupigwa pasi. Bado nataka afungue. Lakini sitaki afungwe. Yote mawili ni kweli.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kafungua!

Asubuhi, kabla ya kwenda Vuga. Kaja mwenyewe, ufunguo mkononi, mkewe nyuma yake. Kufuli lilikuwa limeshaanza kushika kutu, akahangaika nalo. Hakuna aliyemcheka. Bi Rukia ndiye aliyempa mafuta ya nazi.

Mlango ukafunguka. Joto, vumbi, popo mmoja. Bi Rukia kaingia peke yake kwanza. Tukasikia anaifuta fidla. Kisha nyuzi, moja baada ya moja, zote zimelegea, anazikaza. Sheha alikuwa bado kasimama kizingitini.

"Mwanangu," akaniambia, "kwani huo Mkataba umeandikwa kwa Kiswahili?"

"Nitakutafsiria, Bwana Sheha."

"Nitafsirie."

Mahakamani kaomba radhi. Jaji kaipokea, kamuonya, kamuacha aende zake. Jioni harusi, na mimi nimecheza mpaka mtandio ukanidondoka. Mzee Abeid naye kaonekana kwa mbali anatikisa bega.

Kilichofungua mlango ni nini? Jaji? Mkataba? Ndoo na kopo? Au sheha kuchoka kula mkate mkavu? Sijui. Najua kina mama walikaa pale kama watu wenye haki, kwa sababu walishaambiwa wanayo.

Kisima bado kimo ndani ya ua. Bi Rukia kasema kila jambo na siku yake.

Jumapili, 20 Oktoba

Mtoni, kwa mama. Mvua ndogo. Tumekula muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga.

Mama kaniomba nimsomee ule Mkataba. Yeye mwenyewe kaomba. Nimemsomea na kumtafsiria, naye kalala ubavu mkekani, macho kayafumba. Nikadhani kasinzia.

"Na Komoro kwa dada yangu, wanao?"

"Wanao, mama."

"Msumbiji?"

"Wanao."

"Somalia, maskini?"

"Nao pia."

Kafikiri. Katafuta nchi nyingine kichwani mwake. "Moroko?"

"Hao bado."

"Wape muda," kasema, akageukia ukutani, akalala.