Ekal Hajarudi

Jumatatu, 10 Februari

Nimefungua masjala saa mbili kasoro. Faili moja nimeliweka mahali pasipo pake, mara mbili. Siku ya sita leo tangu mdogo wangu Ekal aende kutafuta ngamia waliopotea upande wa Kipsing. Alibeba maji ya siku tatu. Simu haipatikani. Nimefunga na kusali tangu Ijumaa. Mungu kimya.

Mzee Guyo, mkubwa wangu kazini, amewapigia wapwa zake wanaochunga huko. Wanafuata nyayo. Hata hawamjui Ekal.

Jumatano, 12 Februari

Ibada ya jioni, kanisani Chechelesi. Mchungaji aliniita mbele. Imani haisubiri macho, alisema. Nikiri kana kwamba jambo limeshatendeka. Niliogopa kukataa mbele ya watu. Nikasema kwenye kipaza sauti: "Ekal amerudi nyumbani, kwa jina la Yesu."

Vigelegele. Mama alicheza. Mimi nilirudi kwenye kiti.

Ijumaa, 14 Februari

Mwandiko mbaya. Hasira.

Jana sikwenda kazini, niliumwa. Leo Mzee Guyo amekuja mezani kwangu na chupa ya maziwa ya ngamia, anacheka. "Binti yangu, kijana amefika na wewe umeninyamazia? Nilijua jana hukuja kwa sababu ya furaha! Niliwaambia wale vijana jana asubuhi warudi kwa mifugo yao."

Nikamuuliza nani alimwambia.

"Si ulitangaza mwenyewe kanisani? Mama mboga anayetuuzia hapa nje alikusikia."

Tangu jana asubuhi hakuna anayemtafuta. Kwa mdomo wangu.

Nilimweleza yote. Aliweka chupa chini. "Na Mungu, si alikuwa anajua hajafika?" Kisha akashika simu, akaanza upya.

Bwana, ulinisikia nikidanganya kwa jina la Mwanao. Hata hapo ulinyamaza. Nimekukasirikia. Mchungaji pia. Mimi mwenyewe zaidi ya wote. Niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa kumpoteza Ekal.

Jumapili, 16 Februari

Nilisimama kanisani bila kuitwa. Nikasema Ekal hajarudi, nilisema uongo, mwenye jamaa Kipsing apige simu sasa hivi.

"Dada, usivunje imani ya watu," alisema mchungaji.

"Upepo unafuta nyayo, mchungaji."

Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo. Wanaume wanne walitoka nje na simu zao. Mama hakunitazama.

Jumanne, 18 Februari

Wapwa wa Mzee Guyo wamepata kiatu chake kimoja kando ya lugga, mkondo wa mto uliokauka. Mbele ya hapo, mchanga mtupu. Wanaendelea. Wamesema kama wangefika Alhamisi, wangeona alielekea wapi. Hawakusema kwa ubaya.

Mama aliniomba tusali. Nikamwambia asali yeye, mimi nitakaa tu. Nilikaa. Hakukiri kitu, hakushukuru kitu. Alisema, "Baba, mtoto wangu ana kiu," akashindwa kuendelea.

Bado nina hasira. Lakini sina mwingine wa kumwomba.

Nikasema amina.