Usingizi wa Mchana wa Toral

Foram, shoga, nimetoka kuongea na Toral sasa hivi. 

Unajua tangu afanyiwe upasuaji hana nguvu. Wenzake mwaka mpya wanaapa kukimbia na kupunguza mwili, yeye alimwambia mumewe ana lengo moja tu: kila siku baada ya kula ajilaze kidogo, mwili urudi polepole. Kunal akakubali. Kwa mdomo wake mwenyewe akakubali.

Leo kamrekodi amelala. Udenda kwenye mto, gauni limepanda mapajani. Akatuma kwenye kundi la ukoo, akaandika, "Malengo ya mke wangu mwaka huu."

Mapajani, Foram. Na wajomba wote wamo mle, wanacheka.

Toral kaamshwa na simu ikilia mfululizo. Akamwuliza mumewe kwa nini. "Utani tu," Kunal akajibu. "Inuka upike chai, wateja kutoka Marereni wako dukani."

Yule mwanamume ananitia kinyaa.

Mara akaingia mama mkwe, Gomti yule tunayemwogopa sote. Toral akajua sasa atasemwa yeye. Mama akamwambia mwanawe, "Futa." Akamsimamia mpaka akafuta. Akamtoa nje, akafunga mlango, akavua kandambili.

"Sogea, mwanangu. Mimi sijalala mchana tangu niolewe."

Kunal akagonga kuulizia chai. Mama akajibu macho kayafumba, "Jiko unalijua lilipo."

Wameamka alasiri.