Mashati Matatu na Dungu la Okey

Mpendwa mshauri wa safu ya wawindaji,

Nimechoka, na ndiyo sababu nakuandikia, maana nisingechoka ningeendelea kunyamaza kama nilivyonyamaza tangu msimu wa upinde ufunguliwe. Jina langu la kwanza liandike ukitaka, ila la ukoo liache, kwa sababu huku bondeni tunajuana wote na gazeti lako linasomwa mpaka kwa kinyozi.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, napika jikoni kwenye shule ya msingi, na mume wangu Okey alikuwa mkata magogo mpaka gogo moja lilipomviringikia likamvunja mgongo, wakamtia vyuma, sasa anatembea na anaendesha pikapu yake, lakini daktari amemkataza kupanda kitu chochote kirefu kuliko ngazi za barazani na kuvuta kitu chochote kizito, kwa hiyo kuwinda kwake kuliishia hapo na anayewinda nyumbani kwetu ni mimi. Sikulazimishwa. Tumezoea kula nyama ya kulungu majira yote ya baridi, ya kukaanga, ya kusaga, ya kuhifadhi kwenye chupa, na mwaka wangu wa kwanza nilipata jike aliyesimama karibu kama meza ilivyo na jiko, Okey amekaa chini ya mti ananinong'oneza, na mwaka wa pili nikapata mwingine mwenyewe, nikajiona nimeshaiva.

Mwisho wa msimu uliopita nikamkosa dume mkubwa. Utaratibu wa kibandani kwa akina Okey utakuwa unaujua, maana vibanda vingi vya wawindaji milimani huku ni hivyo hivyo: aliyekosa anakatwa pindo la nyuma la shati, pindo linaandikwa jina na kupigiliwa misumari ukutani. Shemeji yangu Denzil, kaka yake Okey, ndiye mwenye mkasi. Alinikata, watu wakacheka, na mimi nikacheka, akaniambia, “Usijali shemeji, mwakani vaa shati refu, lichukue makosa mengi.” Ni utani, na Denzil ni mtu mwema, ndiye anayetuletea kuni, sina kinyongo naye. Lakini tangu siku ile kila nikivuta upinde nasikia ule mkasi.

Msimu huu nimekosa mara tatu. Napanda dunguni, kile kiti cha chuma Okey alichokifunga juu ya mti, nikitoka kazini, nafunga mkanda wa usalama, nakaa, niko sawa kabisa, mpaka nione sikio la kulungu likicheza kwenye vichaka, hapo moyo unaruka, magoti yanagongana mpaka chuma cha dungu kinalia, na nikishavuta, kile kidoa cha kulengea kinazunguka kila mahali isipokuwa pale ninapotaka, halafu kidole kinafyatua kabla sijaamua, kama vile kuna mtu mwingine amenifyatulia. Mishale yote mitatu imepita juu ya mgongo. Nimeshuka kila mara nikaiokota, misafi, haina damu wala unywele wa mnyama, nikaikagua ardhi mpaka giza likanifukuza. Kulungu wa tatu alikuwa dume mzuri, anakula kokwa za mwaloni bila haraka yoyote, akaruka mara moja, akasimama, akanitazama. Wiki iliyofuata akaja jike akasimama ubavu wazi na sikuvuta hata kidogo. Nilikaa nimeshika upinde mapajani mpaka akaondoka, na alipoondoka nilishukuru, na huko kushukuru ndiko kunakoniuma kuliko kukosa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kila nikirudi Okey yuko dirishani jikoni, birika liko motoni, anataka kujua yote, upepo ulitoka wapi, ndege walikuwa wanapiga kelele upande gani, nimeona nini. Mara ya kwanza nikamwambia sijaona kitu. Nilikuwa nimechoka na sikutaka shati jingine. Mara ya pili nikasema vile vile kwa sababu nilishasema mara ya kwanza. Nilidhani ataiacha. Okey hakuiacha, alikaa mezani siku nzima anafikiri juu ya upepo, akaona sababu ni kwamba jirani amekata msitu wa juu na sasa hewa ya jioni inateremka na harufu yangu moja kwa moja kwenye njia ya kulungu. Akaniambia taratibu, kama mtu anayeomba radhi, “Kosa ni langu, Retha. Hilo dungu nililifunga mimi. Nimekukalisha bure.”

Na sikusema kitu.

Amempigia Denzil simu, Jumamosi ya wiki ijayo wanalihamishia kwenye shingo ya mlima, na Denzil anaogopa kupanda, kila mtu anajua, hata kuwinda huwa anawinda chini, kwa hiyo Denzil atashika ngazi na atakayepanda ni Okey. Nikamkumbusha daktari alivyosema. Akaniambia, “Mke wangu, nimeshakaa kwenye kiti hiki vya kutosha. Kufungua kamba mbili hakutaniua.” Na tangu siku hiyo anapiga mluzi. Hajapiga mluzi tangu lile gogo, na ndiyo maana nashindwa hata pa kuanzia.

Naomba unifundishe, kwa haraka, kutulia. Nikipata mmoja tu kabla ya Jumamosi ataona kulungu wanapita pale pale na dungu ataliacha lilipo. Najaribu kila jioni uani, kulungu wa plastiki nampiga vizuri tu, sielewi yule wa kweli ana nini.

Wako,
Retha

*

Retha,

Jina la ukoo nimeliacha, ingawa kwa hizo habari za shati na mkasi utatambuliwa kabla gazeti halijafika kwa kinyozi.

Umeuliza namna ya kuacha kutetemeka na nitakujibu, lakini Jumamosi inatangulia. Unataka nikufundishe kupiga ili usilazimike kusema. Hilo sitalifanya. Anayepanda dunguni akiwa lazima apate leo ndiye anayefyatua wakati usiofaa, na mara ya nne mshale hautakuwa msafi. Utakuwa umemtoboa mnyama tumboni, jua linazama, na huna wa kumwita akusaidie kumtafuta, kwa sababu ulishasema kule hakuna kulungu. Ukitaka kujua uchovu, subiri usiku wa namna hiyo.

Kabla ya safu hii nilikuwa naandika habari za ajali za huku milimani. Walioanguka kutoka madunguni niliowaandika mimi, wengi walikuwa wanafunga dungu au wanalifungua, saa ambayo mkanda bado haujafungwa popote. Migongo yao ilikuwa mizima walipopanda. Wa mume wako una vyuma. Denzil akiwa ameshika ngazi atakuwa shahidi, hakuna zaidi.

Nakuhurumia kwa sehemu moja. Umeamka mapema, umepikia watoto wa watu, umepanda mti kwenye baridi, umekosa, kisha mlangoni unapokewa na maswali. Mtu aliyechoka hudanganya kwa maneno machache ili akae chini. Naelewa. Lakini uliposikia Okey anajilaumu ukanyamaza, hapo uchovu haukuhusika. Mtu aliyepoteza kazi yake na upinde wake alibakiwa na jambo moja analolijua vizuri, mahali pa kufunga dungu, na wewe umemwacha aamini kwamba hata hilo limemtoka. Wakati huo huo, kwa hesabu yako mwenyewe, kulungu wanne wamesimama mbele yako msimu huu. Alichagua mahali pazuri sana. Hajaambiwa.

Huo mluzi usikutishe. Anapiga mluzi kwa sababu amepata kazi. Nyingine ninayo, na haihitaji kupanda.

Sasa mishale. Mikono inayotetemeka hutupa mshale kila upande, juu, chini, kushoto. Yako mitatu imepita juu ya mgongo. Homa ya mwindaji, huko kutetemeka kwako, peke yake haina utaratibu namna hiyo. Uani unampiga wa plastiki ukiwa umesimama sawa naye, na nina hakika umevaa blauzi, bila koti. Dunguni unampiga aliye chini yako, na wengi wakilenga chini hushusha mkono tu, mwili umebaki umenyooka. Shavu linahama kwenye uzi wa upinde, jicho linaona vingine, mshale unakwenda juu. Vuta ukiwa umenyooka kama uani, kisha inama kiunoni mpaka umfikie mnyama. Mkanda wa usalama utakushika. Fanyia mazoezi hapo hapo nyumbani, juu ya pikapu au mlango wa juu wa ghala kama mnalo, ukiwa na koti lile lile la kuwindia, maana mkono mpana wa koti ukiguswa na uzi nao unaharibu mshale. Jioni moja, mshale mmoja. Uupige ukiwa umetoka tu kazini, mikono ya baridi, kisha uingie ndani. Kulungu hakupi mishale ya kujizoezea.

Kidole kinachofyatua bila ruhusa ni ugonjwa unaojulikana, na dawa yake inahitaji mtu wa pili. Weka robota la nyasi kavu karibu kiasi kwamba huwezi kulikosa. Okey aweke kiti nyuma yako. Wewe vuta, lenga, kaa. Huamui chochote. Yeye ndiye atakayesema “achia” au “shusha”, na mwambie “shusha” zizidi sana “achia”. Ukifyatua kabla hajasema, jioni hiyo imekwisha, pumzika. Ataona mengi ambayo mimi kwa barua siwezi kuyaona, na atakusema, na utamsikiliza, kwa sababu ni yeye aliyekunong'oneza mara ya kwanza na siku hiyo kidole chako kilikaa mahali pake. Sauti yake ikishakaa kichwani mwako itaufukuza ule mkasi.

Usirudi dunguni mpaka kidole kijifunze kungoja. Msimu ni mrefu, unapita Krismasi, na friza ikichelewa kujaa hakuna atakayekufa. Denzil akiwaletea paja, pokeeni. Siku utakaporudi, chagua sehemu ndogo nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, mkunjo wa manyoya, kivuli, chochote ambacho kidole gumba kinaweza kukifunika, ukitazame hicho mpaka mshale ufike. Pembe usiziangalie, hazipigwi. Moyo utaruka tu. Wangu ungali unaruka, na siku utakapoacha kuruka nitauza upinde. Wa kwanza atakayekuja, vuta kisha shusha, umwache aende zake. Yule jike uliyemwacha umejihesabia kosa, na mimi nakuambia umfute. Hukuwa tayari na hukupiga. Wapo wanaume ukutani kwenu wenye mapindo mengi kuliko yako kwa sababu hilo hawajaliweza.

Na kama baada ya kusikia ukweli Okey bado anaona dungu lihamishwe, lihamishwe na mtu mwenye mgongo mzima asiyeogopa kupanda, aliyefungwa mkanda tangu anapokanyaga ngazi ya kwanza, na Okey awe chini anaelekeza. Kwa hilo usibembeleze. Ficha funguo za pikapu ikibidi, na umwambie umezificha.

Gazeti hili linatoka Alhamisi, kwa hiyo una kesho. Kibandani kwenu kila kosa ni shati, na wewe unadaiwa matatu. Kesho utarudi kutoka kazini, yeye yuko dirishani, birika liko motoni, na ataanza na upepo. Usijibu habari za upepo. Toa mashati matatu ya zamani, yaweke mezani, mkasi juu yake. Okey amekulia kwenye kibanda kile, ataelewa kabla hujafungua mdomo. Akikasirika, ana haki, keti. Kisha mwambie alipita nani, lini, alisimama wapi, na kokwa za mwaloni gani alikuwa anakula, kila kitu alichokuuliza wiki zote hizi.

Mkasi aushike yeye. Akishamaliza kukata mapindo ampigie Denzil simu: Jumamosi aje kama walivyopanga, ngazi aiache kwake, alete misumari.