Glavu ya Vidole Vitatu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinicheke, najua watu wanakuandikia mambo ya ndoa na mimi nakuletea swali la mashine, lakini nisome mpaka mwisho utaona ndoa imo humo humo.

Mimi ni fundi cherehani na mume wangu ni seremala, au niseme alikuwa, maana huu ni mwaka wa tatu hajashika mbao. Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, mimi nashona yeye anapasua, na akizima mashine namsikia anaimba ule wimbo wake usio na maneno, hm-hm-hm, najua kazi imekubali. Jioni anaingia ana unga wa mbao mpaka kwenye nyusi, namwambia, "Babu, karibu, unamtafuta nani?" naye makusudi anajikung'uta kwenye sakafu niliyotoka kufagia, tunagombana, tunacheka. Unga ule nilikuwa naulalamikia, mshauri, mjinga mimi. Siku hizi anauza bawaba na vitasa dukani kwa watu, anarudi msafi kama alivyotoka, na mimi nauchukia usafi wake. Nikifua mashati yake bado nageuza mifuko nikitafuta chembe moja tu. Hakuna kitu.

Kabati la jikoni aliliacha bila milango, nikalishonea pazia. Wageni wanalisifia hilo pazia, na mimi naitikia asante huku natamani milango.

Aliacha kazi kwa sababu msumeno wa meza ulimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha mwisho na cha pete. Hayo yanajulikana na wote. Yasiyojulikana nakwambia wewe peke yako. Mashine ilikuwa imetazama ukuta, kwa kuwa tundu la umeme lipo pale na waya ni mfupi, kwa hiyo anayepasua anaupa mlango mgongo, na mlio ule hata ukimwita hasikii. Siku hiyo nilimpelekea chai, nikauona mgongo wake, shati limelowa jasho, nikampenda, ndivyo ilivyokuwa, sina namna nyingine ya kusema, nikaweka kikombe chini nikamtekenya mbavuni kama nilivyozoea. Akashtuka, mbao ikaruka, mkono ukaenda mbele.

Hospitali walimwuliza imekuwaje, akasema, "Mbao ilikuwa na fundo." Mama yake akamwuliza mbele yangu, akasema, "Fundo, mama." Hata tukiwa wawili hajawahi kusema jingine, na mimi sijawahi kufungua mdomo. Nikisikia mtu anasema kikulacho ki nguoni mwako, nainamisha kichwa. Tangu siku ile sijamgusa mgongo, namjia kwa mbele kama mgeni. Mshauri, nautamani mgongo wa mume wangu na tunalala kitanda kimoja.

Sasa wiki iliyopita tulikwenda kumjulia hali dada yangu, tukakaa mezani, nikamwona anapitisha mkono ule chini ya ukingo wa meza, taratibu, akasema, "Huyu alipasua kwa bledi butu," akatabasamu. Tabasamu lile nilikuwa nimeshalizika. Kesho yake sikushona, nikaenda dukani kimyakimya, si pale anapouza yeye, kwingine, kumtafutia msumeno, maana ule wa zamani tuliuuza. Kuna aina mbili. Moja ni msumeno wa meza wa kiwandani, mdogo, wa kazi za nyumbani, una kifuniko juu ya bledi, lile duara la meno, na vikorokoro vingi. Nyingine ni msumeno wa mkono waliougeuza juu chini wakaufunga chini ya meza ya mbao, meno yanachungulia katikati, kifuniko hauna, ila ni rahisi. Nikauliza habari ya kifuniko, muuzaji akasema, "Ah, mama, hicho mafundi wote wanakitoa, kinawaziba macho."

Nichukue upi? Nataka nimwekee palepale pa zamani, akitoka kazini aukute. Na nimemshonea glavu za ngozi, ya kushoto nimeiziba vidole viwili ili visiningʼinie ovyo. Nililia nikiishona, lakini mshono umenyooka.

Mama wa Pazia


Mama wa Pazia,

Pole sana, dada yangu. Ishike vizuri hiyo pole, kwa sababu sasa nakugombeza.

Misumeno siijui, kwa hiyo nilimsomea shemeji yangu, anayefundisha useremala, yale ya dukani tu. Yale ya mbavuni nimebaki nayo mwenyewe. Nilipofika kwenye glavu akaruka kitini: "Mwambie asimvishe!" Bledi inayozunguka ikidaka ngozi ya glavu haiishii kwenye glavu, inavuta na mkono. Umeshona kwa mapenzi, nakubali, lakini ungemaliza vile vitatu vilivyobaki. Ziweke za kubebea mbao zenye vibanzi, mashine ikiwa imezimwa. Msumenoni ni mikono mitupu, mikono ya shati imekunjwa, na miwani ya kukinga macho.

Na huyo muuzaji, hebu mhesabu vidole kwanza kabla hujamsikiliza. Ule uliogeuzwa juu chini usiuguse, hata wakikupa bure. Chukueni wa kiwandani, wenye kifuniko, na nyuma ya bledi mwone kipande cha chuma kilichosimama wima. Hicho kinazuia mbao isiibane bledi ikarudi kumpiga mtu tumboni. Swichi ya kuzimia iwe kubwa, mbele, ya kusukumwa hata kwa goti. Ule ubao wa pembeni wa kuegemezea mbao mume wako autikise kwa mkono; ukicheza, mrudishieni muuzaji mashine yake na maneno yake. Mbao nyembamba asukume kwa kijiti, asisukume kwa vidole. Na kabla ya kugusa bledi kwa lolote, plagi itoke ukutani.

Umeona nimesema chukueni? Maana hutakwenda peke yako. Eti aukute! Mtu huyu umeshamshtua mara moja, mama, inatosha. Halafu palepale, mbele ya ukuta uleule? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wewe unataka kumwekea nyoka mzima karakanani kwake umwite zawadi.

Tuseme ukweli. Unataka mashine ikuombee msamaha, na mashine haijui kuomba. Mume wako anajua nani alimtekenya. Mbavu ni zake. Miaka mitatu amebeba uongo wa fundo ili mama yake asikutazame vibaya. Amekupenda, lakini naye amekosea, amekufungia mlango wa kusema nisamehe, na wewe ukaona afadhali ukae nje. Mficha maradhi kilio humuumbua. Kaa naye mezani, mbele ya lile kabati, useme hivi hivi: "Haikuwa fundo. Ilikuwa mimi." Usiongeze glavu, usiongeze duka. Nyamaza umsubiri, hata akinyamaza muda mrefu. Akikasirika, mwache akasirike, hasira hiyo ina haki yake.

Baadaye, siku nyingine, mwambie umemwona anapapasa meza ya dada yako, na umwulize kama anatamani. Akisema sitaki tena, ni mkono wake, usimbembeleze. Milango ya kabati inanunuliwa. Akisema natamani, nendeni pamoja, achague yeye, wewe shika mkoba.

Ila mahali pa kuiweka mtapanga wote wawili. Mwite fundi umeme asogeze tundu, mashine igeuzwe, itazame mlango, ili anayepasua akuone ukiingia. Ukija na chai, simama pale mlangoni akuone, usiseme neno, usisogee. Subiri azime. Subiri bledi isimame kabisa, na plagi itoke ukutani.

Hapo weka kikombe chini, zunguka nyuma.