Mahindi Hayakuwa na Njaa

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Tongaren tu wazima, na mjomba wako amemaliza kupalilia. Asante kwa vidonge vya kupunguza uzee. Umeuliza kama nimevianza, ukasema nawe unavimeza kwa uchovu wa zamu za usiku.

Nilivipeleka kwa daktari Kitale. Alinieleza kuwa ni malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa homoni, nayo hupungua kwa umri. Kwa kuwa niliwahi kuugua saratani ya titi, na homoni hizo zaweza kuichochea irudi, amenikataza.

Na kuhusu uchovu wako, nilimkumbuka mama. Nilipokuwa msichana, mvua zilizidi na mahindi yetu yakageuka manjano. Baba alikuja na ndoo ya mbolea.

"Baba Wafula, ngoja," mama alimwambia, akang'oa mche mmoja. Mizizi ilichuruzika maji. "Haya hayana njaa. Yamezama."

"Tangu lini ukawa bwana shamba?" baba alimtania, lakini alichukua jembe. Tulichimba mtaro, na mahindi yakarudia rangi yake.

Nashukuru sana kwamba unanitakia miaka mingi. Nawe mwone daktari kabla ya kumeza kidonge kingine, kisha uniandikie ni lini utapumzika kutoka zamu hizo.

Akupendaye,
Nyanya yako