Viti Saba Vilivyobaki Ukumbini

S.L.P. 416
19 Agosti 1991

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumai u mzima wa afya, na kwamba wale wazee unaowatunza wameshajifunza jina lako, maana miaka kumi na mmoja si kidogo. Sisi hapa hatujambo. Mimi miguu imevimba, lakini hilo nitalifikia.

Harusi ya mwanao imepita, na ilifana. Nani alipanga viti? Mimi, nani tena! Watu mia tatu, wifi. Niliwapanga kwanza juu ya meza yangu ya kukatia nguo, kila mgeni na kifungo chake. Wakwe niliwapa vifungo vikubwa vya koti, watoto vile vidogo vya shati. Mjomba Kidogo Tu, ambaye hata chupa nzima kwake ni kidogo tu, nilimpa kifungo kilichopasuka nikamweka nyuma ya nguzo. Wale binamu zako wawili wasiosemeshana tangu msiba wa mama yao, niliwaketisha goti kwa goti mbele ya spika. Walikaa saa tano wakitazama sahani zao. Nilicheka mpaka nikajificha stoo.

Wewe nilikupa kile kifungo cheupe cha koti uliloliacha msumarini siku ulipoondoka. Nilikiweka meza ya mbele, mkono wa kushoto wa bibi harusi, mahali pa mama. Kilikaa pale siku mbili. Halafu nikakitia kwenye droo, nikaweka changu.

Usinune kwanza, nisikilize. Nani alikesha naye alipougua surua? Nani alimsuka kila Jumapili mpaka vidole vikafa ganzi? Tulipomzika kaka yangu ulisema unakwenda miaka miwili tu. Kuzaa si kazi, wifi, kazi ni kulea. Nilitaka siku moja watu wanione nimekaa pale.

Kwa hiyo barua yako ya Mei, ile uliyosema umepata likizo na unakuja kumwoza mwanao, sikumpa. Nikakujibu kwamba ukumbi umejaa, kwamba wakwe wameleta ukoo mzima, kwamba mtoto mwenyewe amesema usijisumbue. Uongo mtupu. Viti saba vilibaki. Vilirundikwa ukutani karibu na jiko, na nimevihesabu mwenyewe.

Naye nikamwambia umekataa kuja, eti kazi imekubana.

Hakulia. Nilidhani atalia nimfute machozi. Alikuwa amesimama juu ya kigoda nikimtia pini kwenye upindo wa gauni, akasema, "Sawa. Basi mahali pa mama pasikae mtu." Nikamwambia, mwanangu, mimi si nipo? Akanitazama kutoka kule juu, kwa upole wa kumkausha mtu mate. "Wewe si ndiye unayesimamia wageni, shangazi? Utakaa saa ngapi?"

Basi nikasimama, tangu saa nane mchana mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka. Watu mia tatu nimewapa pa kukaa, mimi nikala nimeegemea mlango wa jikoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, najua, huna haja ya kuniandikia hilo.

Kiti chako kilikuwa kitupu, kimefunikwa kitambaa cheupe, na mtoto aliweka mkono juu yake muda wote wa chakula. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuka. Mimi nilikuwa mlangoni, kwa hiyo aliniona mimi kila mara. Ilipofika zamu ya keki akainuka, akakikunja kile kitambaa mwenyewe, akakisukuma kiti chini ya meza. Hakukitazama tena.

Kesho yake, wakati wa kuaga, aliniambia barua zako nisimpelekee tena.

Utaniuliza kwa nini nakwambia. Nimechoka kulibeba peke yangu, wala sioni sababu ya wewe kulala vizuri. Haya ninayo, wifi, lakini si ya kutosha. Ukitaka, mwandikie ukweli wote, ujaze kurasa kumi. Anwani yake mpya ameniachia mimi tu, na barua zako zote, kama unavyojua, hupitia sanduku langu.

Bibi anakusalimu, anasema hajawahi kuona mama asiyemwoza bintiye. Kaka yako fundi bomba anakusalimu pia. Mjomba Kidogo Tu anakusalimu sana, na anaapa kwamba alikuona ukicheza.

Mwanao hajakutumia salamu.

Mungu akupe usingizi, mimi ameninyima.

Ni mimi wifi yako,
niliyekulelea.